Rivolva mpya ya milioni sita, chemba moja haifungi. Wamiliki wa Arusha na Moshi, mnakagua vipi kabla ya kulipa?

Mzee wa Sanawari (mwanzisha uzi), Jumanne saa 3:10 usiku

Wakuu salaam.

Naleta hili jamvini nikiwa na uchungu, na nitalieleza kwa urefu ili asije mwingine akaingia nilipoingia mimi. Nauliza wamiliki halali, mafundi na watu wa kampuni za uwindaji, maana hapa Arusha mko wengi.

Nina leseni tangu 2013. Nauza nafaka kwa jumla pale soko la Kilombero hapa mjini, na kuna siku natembea na hela za watu. Miaka yote hiyo nilikuwa na bastola ya magazini, niliinunua ikiwa imeshatumika, na haikuwahi kunisumbua. Tatizo ni mikono. Baridi ya Juni ikishuka kutoka Meru vidole vinakakamaa, kuvuta slaidi, kile chuma cha juu unachorudisha nyuma ili risasi iingie, imekuwa kazi. Nikaamua kuhamia rivolva, ile bastola yenye silinda inayozunguka na matundu sita ya risasi tunayoyaita chemba, kwa sababu ile ile waliyokuwa nayo wazee: haina slaidi, haina magazini, unaiweka kwenye sefu miezi sita ukiitoa inafanya kazi yake. Risasi moja ikigoma, unavuta kifyatulio tena inakuja inayofuata.

Nikachagua ya risasi za .357 Magnum, chuma kisichoshika kutu, mtutu wa inchi 4, ya kiwanda cha Marekani chenye jina kubwa. Sitakitaja. Milioni sita na ushee, na hapo sijahesabu miezi ya kufuatilia vibali: serikali ya mtaa, kata, OCD, kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, hadi mkoani. Dukani niliigeuza mara mbili tatu, ikang'aa, nikasaini. Kosa langu liko hapo.

Nyumbani nikaiweka mezani chini ya taa. Mke wangu, ambaye hajawahi kushika silaha, ndiye aliyeona kwanza. Akauliza, "Mbona hiki cha mbele kimelala?" Kweli, kilengeo cha mbele kimeinamia kushoto. Mtutu ulipofungwa kwenye fremu ulikazwa ukapitiliza. Nilipokwenda kuijaribu kwenye kiwanja cha shabaha, nilisogeza kilengeo cha nyuma kushoto mpaka skrubu ikafika mwisho, na bado kwa mita 15 risasi zilikwenda kulia kiganja kizima.

Nikamwomba jirani yangu fundi magari fila yake, vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya wa valvu. Nikapima mwanya kati ya uso wa silinda na mtutu. Upande mmoja 0.10 mm inaingia kwa kubanwa, upande wa pili 0.25 inapita bila kugusa. Maana yake uso wa mtutu kwa nyuma umekatwa mshazari.

Kilichoninyima usingizi ni chemba ya nne. Nikivuta nyundo taratibu, nyundo inafika mwisho na kukaa, lakini silinda haijafunga, yaani haijakaa imara chemba ikiwa imenyooka na mtutu. Nikiisukuma kidogo kwa kidole ndipo nasikia "tik". Chemba ya kwanza nayo naitilia shaka. Risasi ikitoka wakati chemba haijanyooka na mtutu, inagonga ukingo, na vipande vinaruka pembeni. Kwenye ile safari ya kiwanjani, kijana aliyesimama kulia kwangu alifuta damu kidogo shavuni. Namshukuru Mungu alikuwa na miwani.

Hii ni silaha mpya kabisa wakuu. Nani kakutana na haya?

---

Chalii wa Ngarenaro, Jumanne saa 3:42 usiku

Naweka kambi hapa. Pole mzee wangu.

---

Kisongo77, Jumanne saa 4:05 usiku

Shikamoo mzee. Samahani kwa swali, una uhakika si ya kuchakachua? Kiwanda chenye jina hakiwezi kuachia kitu cha hivyo.

---

Mzee wa Sanawari, Jumanne saa 4:20 usiku

Marahaba kijana. Nimenunua duka lenye leseni, namba kwenye fremu ndiyo hiyo hiyo kwenye boksi na kwenye karatasi za polisi. Ni yao.

---

fundi_mtutu, Jumatano saa 12:50 asubuhi

Mkuu, habari za asubuhi. Mimi nimetengeneza bunduki za wawindaji hapa mjini zaidi ya miaka ishirini, nyingi za risasi kubwa za .375 na .458, rivolva chache. Uzi wako nimeusoma mara mbili. Kabla hatujahukumu naomba urudie kipimo kimoja.

Ulipojaribu chemba ya nne, silinda ilikuwa tupu? Kama ilikuwa tupu, kipimo hakijakamilika. Kwenye rivolva nyingi za siku hizi, ile nyota ya nyuma inayosukuma maganda nje ndiyo yenye meno. Kidole cha ndani ya fremu kinasukuma meno hayo ili silinda igeuke. Chemba zikiwa tupu nyota inaweza kucheza kidogo na ukaona silinda imechelewa. Maganda yakiwa ndani yanaishika nyota mahali pake. Kwa hiyo chukua maganda sita yaliyokwisha kupigwa, jaza, funga, kisha uvute nyundo polepole sana, chemba moja baada ya nyingine, ukiwa umeigusa silinda kwa kidole ili isikimbie kwa kasi yake yenyewe. Wino wa kalamu weka kwenye kila chemba usipotee hesabu. Rudia kwa kuvuta kifyatulio bila kushika nyundo, kwa mwendo wa konokono.

Na kila mara kabla ya yote hayo: fungua silinda, angalia chemba zote sita, ingiza na kidole. Macho hudanganya.

Mwanya wako nao. Kawaida unatarajia kati ya 0.10 na 0.20 mm, pande zote sawa. Ukibana sana, silaha ikipata moto na masizi silinda inagoma kuzunguka. Ukiwa mpana, gesi inatoka pembeni, risasi inapoteza mwendo, na juu ya mtutu fremu inaanza kuliwa. 0.25 upande mmoja na 0.10 upande mwingine ni kazi ya mashine ambayo hakuna mtu aliyeipitia baada yake. Hilo sina la kulitetea.

Waambie watu wako wa nyumbani pia: rivolva haishikwi mbele ya silinda. Moto wa pale unachana kidole.

---

Mama Kibosho, Jumatano saa 2:15 asubuhi

Kaka wa Sanawari pole sana. Mimi niko Moshi, nina shamba la kahawa na leseni ni ya kwangu mwenyewe. Ya kwangu niliinunua miaka minne iliyopita, mpya, .38 Special. Yenyewe silinda ilikuwa sawa ila ilikuwa haiwashi. Katika risasi sita, mbili zinapigwa zinabaki. Ukiangalia kitako cha risasi kuna kialama kidogo, kama mtu amegusa kwa ncha ya kalamu. Nilidhani risasi ni mbovu, nikabadilisha, hali ile ile. Fikiria, mwanamke peke yake shambani usiku, halafu chombo ulichonunua kwa kuuza kahawa ya msimu mzima hakiwaki.

---

fundi_mtutu, Jumatano saa 2:40 asubuhi

Mama Kibosho, kuna skrubu ndogo mbele ya mpini, chini kabisa. Ndiyo inayokaza springi bapa ya nyundo. Ikilegea hata mzunguko mmoja, nyundo inapiga kinyonge. Ilikuwa hiyo?

---

Mama Kibosho, Jumatano saa 2:58 asubuhi

Ndiyo hiyo hiyo baba. Fundi aliikaza kwa dakika moja, haijagoma tena mpaka leo. Hakutaka hata hela. Dakika moja tu! Na huko ilikotoka hakuna aliyetumia dakika hiyo.

---

Mangi wa Machame, Jumatano saa 6:30 mchana

Tatizo ni moja wakuu. Vitu vya sasa si kama vya zamani. Marehemu baba alikuwa na rivolva ya miaka ya 1970, ukifungua silinda unasikia inavyoteleza kama mlango wa benki. Siku hizi kila kitu kompyuta na chuma cha unga kinachomiminwa kwenye kalibu. Mnategemea nini?

---

fundi_mtutu, Jumatano saa 1:20 usiku

Mangi, nakuheshimu, ila hapo nakupinga kidogo, na nalisema hili kwa sababu nimefungua za zamani na mpya.

Vipuri vya sasa vinavyokatwa na mashine za kompyuta vinalingana kuliko vya zamani. Ukichukua vidole viwili vya kusukuma silinda vya kiwanda kimoja leo, vinakaribia kuwa mapacha. Zamani kila kimoja kilitoka na unene wa ziada makusudi, na kulikuwa na mzee pale mezani mwenye tupa, anapunguza, anaweka, anajaribu, anatoa, anapunguza tena, mpaka chemba zote sita zinafunga. Sifa ya silaha ilikuwa ya mzee yule. Hata chuma cha unga mnachokilaumu, nimeona nyundo za namna hiyo zimepiga maelfu ya risasi bila kuvunjika.

Wenye viwanda walipoona vipuri vinalingana, wakasema mzee wa tupa wa nini. Vipuri vikiwa sawa kweli, wala humkosi. Lakini kalibu ikichakaa, kisu cha mashine kikiwa butu, au anayekaza mtutu akiwa na haraka, hakuna tena mkono wa mwisho wa kushika hilo kosa. Linapita na boksi hadi mezani kwako Sanawari.

Mfano unaojulikana ni rivolva ya Colt Python. Ilitoka 1955, na jina lake lilijengwa na kazi ya mikono. Gharama za mafundi hao ndizo zilizoifanya iwe ghali, na 2005 ikakoma kabisa. Mwaka 2020 ikarudi, imesanifiwa upya iwe na vipuri vichache na kazi ndogo ya tupa, bei ya orodha dola 1,499. Wanunuzi wa mwanzo baadhi wakalalamika kwamba silinda inakosa kugeuka wanapovuta kifyatulio. Usanifu mpya watu waliusifu, chuma kigumu kuliko cha zamani. Kilichopungua ni ukaguzi wa mwisho.

---

Kisongo77, Jumatano saa 2:05 usiku

Fundi, kwani huko Marekani hakuna chombo cha serikali kama TBS yetu? Gari likiwa na breki mbovu wanayarudisha yote.

---

fundi_mtutu, Jumatano saa 2:50 usiku

Kwa silaha hakipo cha namna hiyo. Tume yao ya usalama wa bidhaa iliundwa kwa sheria ya 1972, na silaha zikaachwa nje ya mamlaka yake. Tume inaweza kuingilia kibaniko cha mkate, rivolva haiwezi kuigusa. Viwanda vina umoja wao wa viwango, SAAMI, tangu 1926, lakini kufuata ni hiari. Kiwanda chenyewe ndicho kinachoamua kurudisha mzigo.

Ulaya ni tofauti. Nchi za mkataba wa CIP, kama Uingereza, Ujerumani, Ubelgiji na Italia, lazima kila silaha ipitie nyumba ya majaribio, ipigwe risasi yenye nguvu kuzidi ya kawaida, kisha igongwe mhuri. Ukishika zile bunduki za mitutu miwili za wawindaji wa enzi ya mkoloni utaona mihuri ya London au Birmingham chini ya mitutu. Ila nisikudanganye, muhuri ule unasema chuma hakitapasuka. Hauulizi kama chemba ya nne inachelewa, wala kama kilengeo kimelala.

---

Chalii wa Ngarenaro, Jumatano saa 3:15 usiku

Sasa mzee si urudishe kiwandani? Wale wanatoa dhamana ya maisha.

---

Mzee wa Sanawari, Jumatano saa 4:00 usiku

Kijana wangu, hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Dhamana ninayo, karatasi hii hapa, imeandikwa vizuri. Mmarekani akikuta alichokikuta mimi, anapiga simu, anatumiwa karatasi ya kubandika kwenye boksi, wiki chache silaha imerudi imenyooka. Anachukia, anasahau. Mimi silaha yangu siipeleki ofisi ya mizigo kama simu mbovu. Nahitaji kibali cha kuitoa nchini, kibali cha kuingia kwao, kibali cha kurudi, na msafirishaji anayekubali kubeba. Dhamana inaishia uwanja wa ndege.

Kiwanda kimeamua mnunuzi ndiye mkaguzi wa mwisho, na kwao hiyo ni hesabu inayolipa: bora kurekebisha chache zinazorudi kuliko kumlipa mtu akague zote. Lakini hesabu hiyo imepigwa kwa mtu anayeishi jirani na kiwanda. Sisi huku hatumo ndani yake. Bei tumelipa kubwa kuliko wao.

Fundi, kesho nafanya kipimo cha maganda.

---

Mzee wa Sanawari, Alhamisi saa 1:30 usiku

Nimefanya kama ulivyoelekeza, maganda sita, wino kwenye kila chemba, mara tatu tatu. Chemba ya kwanza, niliyokuwa naishuku, imepona. Maganda yakiwemo inafunga kila mara. Ya nne haifungi hata mara moja nikivuta nyundo polepole. Kwa kifyatulio inafunga mara moja katika tatu. Asante kwa kunizuia kuisingizia ile ya kwanza.

---

fundi_mtutu, Alhamisi saa 2:10 usiku

Basi jino la chemba ya nne limekatwa fupi. Hilo linatibika: kidole kinene zaidi kinawekwa, kinapunguzwa kwa tupa hadi chemba zote zilingane. Mtutu ndio siushiki. Kuugeuza kunataka kibano na ufunguo vilivyotengenezwa kwa fremu ya aina hiyo hiyo. Ukitumia vya kubuni, fremu inapinda au inapasuka chini ya mtutu, ambako chuma ni chembamba. Nimeona fremu iliyopasuka hivyo, mwenyewe hakuwa na pa kulalamika.

Ushauri wangu, usikubali itengenezwe. Rudi dukani na fila mkononi, omba kwa adabu ubadilishiwe.

---

Mangi wa Machame, Alhamisi saa 2:35 usiku

Fundi nimekusoma, nakubali. Nikija kununua niangalie nini na nini? Dukani hawakuruhusu kupiga risasi.

---

fundi_mtutu, Alhamisi saa 3:20 usiku

Nenda na tochi ndogo, fila na kitambaa cheupe. Omba ruhusa kwanza, na uhakikishe ni tupu wewe mwenyewe hata kama muuzaji amehakikisha.

Itazame kutoka nyuma kama unalenga, kisha igeuze uitazame kutoka mdomoni: kilengeo kisimame wima. Pima mwanya pande zote mbili, na zungusha silinda upime kwenye kila chemba, maana silinda nayo inaweza kuwa imepinda. Vuta silinda mbele na nyuma, isicheze kwa kiasi cha kuonekana. Jaribu kufunga kwa chemba zote, ukiwa na maganda au risasi bandia. Muuzaji akikukataza kuvuta nyundo, hapo jiulize.

Kisha mulika ndani ya mtutu, uangalie pale mtutu unapoingia kwenye fremu. Wakati mwingine umekazwa kwa nguvu mpaka tundu limebanwa, na kitambaa kikipitishwa kwenye kijiti utasikia kinakwama mahali hapo. Gusa mdomo wa mbele kwa pamba. Ikiacha nyuzi, kuna vipele vya chuma havijasafishwa.

Ukishaimiliki, piga angalau risasi hamsini kabla hujaiamini, na ziwe pamoja na zile utakazobeba. Kwa .357 kumbuka inakubali pia .38 Special, ambayo ganda lake ni fupi kwa kama milimita tatu. Ukipiga nyingi za .38, masizi yanajenga pete ndani ya chemba, baadaye .357 inaingia kwa kusukumwa. Hapo kosa ni la brashi yako, kiwanda hakihusiki. Na vumbi letu la huku likiingia chini ya nyota, silinda inakuwa nzito. Nimeletewa "mbovu" kadhaa zikapona kwa mswaki.

---

Mama Kibosho, Alhamisi saa 3:41 usiku

Hii ya pamba sikuijua. Naiandika.

---

Mzee wa Sanawari, wiki mbili baadaye, Jumamosi saa 11:20 jioni

Wakuu narudi na mrejesho.

Nilikwenda dukani asubuhi kabla hakujawa na watu. Sikugomba. Niliiweka ile silaha kwenye kitambaa, nikampa muuzaji fila, nikamwambia apime mwenyewe. Akapima upande wa kwanza, akapima wa pili, akanyamaza. Nikampa maganda. Alipofika chemba ya nne alirudia mara nne. Kijana mstaarabu, alikiri kwamba hajawahi kuzipima zinapokuja. Anafungua boksi, anahakiki namba, anafunga.

Akatoa nyingine za aina hiyo hiyo zilizokuwa stoo, tatu. Tukazikagua pamoja mezani. Ya kwanza kilengeo kimelala, safari hii kulia. Ya pili imenyooka ila mwanya chemba mbili unabana kiasi kwamba fila ya 0.05 haiingii. Ya tatu, 0.15 pande zote, chemba zote sita zinafunga kabla nyundo haijafika, pamba haikuacha uzi. Kwa hiyo pamoja na yangu zilikuwa nne, na nzuri ni moja. Sisemi ndivyo ilivyo kiwandani kote, nasema nilichokiona kwenye meza ile.

Mwenye duka amekubali kubadilisha, Mungu ambariki. Lakini leseni inabeba namba ya silaha, kwa hiyo kubadilisha ni kurudi polisi na karatasi upya. Nimeanza leo. Ile mbovu nimeiacha dukani, ile nzuri imefungiwa huko huko ikiwa na jina langu kwenye bahasha.

Muuzaji ameniomba fila. Nilimwambia si yangu, ni ya fundi magari. Jumatatu nampelekea mpya, nimeiona kwenye maduka ya vipuri.

---

fundi_mtutu, Jumamosi saa 12:05 jioni

Mpelekee na maganda sita, mkuu. Ukishaipata tutakwenda wote kiwanjani, risasi nitachangia.